GPS kuukuu kwenye redio ya VHF, au redio yenye GPS yake?

Mwana wa Wete
Asalaam alaykum. Nina mashua ya kuvulia, natoka usiku kwenda mkondoni. Nimepata redio ya VHF, ya mawasiliano ya baharini, ya mtumba, yenye kitufe chekundu cha DSC (ukikibonyeza kinaomba msaada na kutaja chombo na pahala kilipo), ila haina GPS ndani. Kila nikiiwasha inalia kwamba haijui ilipo. Kabatini ninayo Garmin eTrex ya manjano, ile ya zamani. Kioo kimekwaruzika lakini satelaiti inashika. Niziunge, au niuze vyote nitafute redio yenye GPS yake?

Fundi Darajani
Waalaykum salaam. Unga. Hiyo ya manjano inatoa NMEA 0183, lugha ya data ya vifaa vya baharini, na redio inasikia hiyo hiyo. Kwenye mipangilio ya GPS chagua NMEA, kasi ya data 4800. Waya wa kutolea data uende NMEA ya kuingilia (+) ya redio, waya wa hasi uende (−). Basi. Ila GPS usiipe volti 12 za betri ya chombo, utaiunguza: inakula volti 3, sawa na betri zake ndogo mbili. Wenye eTrex za tundu la USB msijisumbue, USB haisikilizani na redio.

Nahodha Mstaafu, Mkoani
Umeme mmeusema, mie nasema ya baharini. Betri ndogo zikizima saa nane usiku nawe umelala, redio inabaki na pahala pa jana. Mkondo wa Pemba unavuta kaskazini. Ukivuta maili mbili tu kwa saa, baada ya saa nne wewe uko maili nane mbali na pale watakapokutafuta. Ndiyo maana nikanunua yenye GPS ndani: ukiwasha redio umewasha vyote. Bei ilinitoa jasho, sifichi.

Kijana wa Tumbatu
Mbona mie naingiza latitudo na longitudo kwa vidole? Bure kabisa.

Nahodha Mstaafu, Mkoani
Na maji yakishaingia chomboni utaandika saa ngapi, mwanangu?

Fundi Darajani
Shekhe kasema kweli kuhusu betri. Dawa yake ni kipunguza volti, 12 hadi 3, GPS ipate umeme wa chombo. Na iwekwe inapoona mbingu, si ndani ya sanduku la zana.

Binti Nungwi
Kuna VHF za mkononi zenye GPS, unatumbukia nayo majini. Lakini ni wati 5 au 6, na antena yake iko chini; ya kufunga chomboni ni 25. Kwangu hiyo ni ya akiba. Wete, hiyo redio ya mtumba umeitazama MMSI, namba ya kutambulisha chombo? Kama ina namba ya mwenye nayo wa kwanza, ukibonyeza chekundu watatafuta chombo chake, si chako.

Mwana wa Wete
Nimeunga jana, na kipunguza volti. Namba zimetokea kwenye redio, nikazilinganisha na simu, sawasawa. MMSI kweli si yangu, tarakimu zote tisa za mtu mwingine, na menyu inakataa kubadilisha. Kitufe chekundu sikigusi kwanza. Nabaki na chaneli 16, ya kuitia msaada kwa sauti, mpaka fundi aifute hiyo MMSI.