Bendi imebadili mtindo, wahakiki wamegawanyika: nisome uhakiki upi?

Nyuzi_Sita

Habari zenu wakuu,

Bendi ya roki ninayoifuatilia tangu albamu yao ya kwanza imetoa albamu mpya, na wamebadilika mno. Siitaji kwa jina makusudi, maana nikilitaja uzi utageuka ugomvi wa mashabiki. Magitaa yamesukumwa nyuma kabisa, nyimbo nyingine hazina kiitikio, na sauti ya mwimbaji imepitishwa kwenye mitambo mpaka maneno hayashikiki. Wimbo wa nne unaanza na mlio mmoja wa kinanda unaojirudia tu. Ngoma zinakuja kuingia wimbo umeshafika katikati, halafu unakatika ghafla kama mtu kachomoa waya.

Nimesoma uhakiki mwingi. Kuna mwandishi kaipa maksi zote. Mwingine kasema ni kujidai kutupu. Kinachonisumbua ni kwamba nikimsoma anayesifia nakubali, nikimsoma anayeponda nakubali pia, na mwenyewe bado sijui naipenda au la. Mliowahi kupitia hili na bendi nyingine, uhakiki wa wiki ya kwanza una uzito gani? Nimsikilize nani?

Karata

Mkuu, usisome chochote. Weka albamu, sikiliza, ikikuchosha weka nyingine. Sikio ni lako.

Mama_Besi

Nyuzi_Sita, nakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako nimeishi nalo. Napiga gitaa la besi, na albamu iliyonifundisha namna ya kuwasoma wahakiki ni Kid A ya Radiohead, bendi ya roki ya Uingereza, iliyotoka Oktoba 2000.

Kumbuka walikotoka. OK Computer ya 1997 ilikuwa imewapandisha mpaka kila mtu akawa anangoja magitaa makubwa zaidi. Wao wakaingia studio Paris, wakaenda Copenhagen, wakamalizia kwao Uingereza na prodyuza wao Nigel Godrich, wakatoka na kazi iliyojaa sinthesaiza, ngoma za mashine na sauti iliyokatwakatwa. Hawakutoa singo hata moja. Badala ya video za kawaida walisambaza vipande vifupi vya katuni kwenye intaneti. Hata waandishi hawakugawiwa nakala mapema kama ilivyo desturi, walialikwa kuisikiliza chini ya usimamizi. Kwa hiyo watu wenye tarehe ya kukabidhi makala walitakiwa kuhukumu muziki ambao hawakupewa nafasi ya kukaa nao nyumbani, na kila mmoja alikuwa na OK Computer kichwani.

Matokeo yake ndiyo hayo unayoyaona kwenye bendi yako. Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki, waliipa 10 kamili. Mark Beaumont wa Melody Maker, jarida la muziki la Uingereza, akaipa nyota moja na nusu kati ya tano, tena kwa matusi. Nick Hornby, mwandishi wa riwaya, aliandika kwenye jarida la The New Yorker akilalamika kwamba albamu hii inadai uvumilivu wa shabiki sugu, na uvumilivu huo huwa adimu mtu akishaanza kuishi kwa mshahara.

Sasa hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Mimi hukumu naiacha, nachukua maelezo. Ule uhakiki wa 10 unaanza na kimondo angani, halafu tamathali zinapandana moja juu ya nyingine. Nikiumaliza najua vizuri mwandishi alivyojisikia, ila muziki wenyewe nimeuona kwa mbali. Hornby, ambaye hakuipenda, kaniambia kitu sahihi kabisa: albamu hii haikupi chochote ukiwa na haraka. Yeye kaiona hiyo kuwa kasoro, mimi naiona ndiyo tabia yake. Ila kasikia sawasawa, na ningemwamini anieleze albamu nyingine yoyote hata kama najua tutagombana.

Chukua wimbo wa The National Anthem wa albamu hiyo. Besi inashika mzunguko mmoja mfupi na haiuachii mpaka mwisho. Aliyeupiga kwenye rekodi ni mwimbaji wao Thom Yorke mwenyewe, ingawa mpiga besi wa bendi ni Colin Greenwood. Juu yake vinakuja vyombo vya kupuliza, kundi zima, vikigombana kwa namna ya jazi, na wao walikiri wazi kwamba Charles Mingus, mwanamuziki wa jazi, alikuwa masikioni mwao. Anayeponda atakwambia ni kelele. Ni kweli ni kelele! Lakini kaa uipige ile besi wimbo mzima: vidole vinataka kuongeza kitu, angalau kuteleza kidogo kwenda noti ya pembeni, na wimbo unakukatalia. Ukiongeza tu, tarumbeta zinapoteza pa kusimama. Mhakiki aliyelalamika kwamba besi haibadiliki aliugusa msumari unaoshikilia nyumba, akadhani ni kutu.

Au Treefingers, ule usio na maneno. Wengi walisema hapa magitaa yametupwa kabisa. Kwa sikio ni kweli. Ila sauti ile yote ilitoka kwenye gitaa la Ed O'Brien, mpiga gitaa wao, Yorke akaichukua na kuinyoosha kwa mashine mpaka ikapoteza mlio wa nyuzi. Na kwenye wimbo wa Idioteque kuna kipande kidogo sana kutoka Mild und Leise, kazi ya Paul Lansky ya muziki wa kompyuta ya mwaka 1973. Hayo hutayapata katika uhakiki wa siku ya kwanza, uwe wa kusifia au wa kuponda.

Kuhusu kilichofuata nitasema machache, maana ushindi si hoja. Iliingia namba moja Marekani, mara ya kwanza kwao, ikapata Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala mwaka 2001, na jarida la Rolling Stone wakaiweka juu ya albamu zote za muongo ule. Beaumont naye mwaka 2010 aliandika kwenye gazeti la The Guardian kwamba bado hajashawishika. Namheshimu kwa hilo. Dunia nzima imekugeukia na wewe unasema nilisikia nilichosikia.

Chuma_Kizito

Mama Besi umenena, lakini tusigeuze kila albamu iliyopondwa kuwa johari iliyofichwa. Mimi ni mtu wa Metallica, bendi ya roki nzito, damu damu. Mwaka 2011 walitoa albamu ya Lulu na mwimbaji Lou Reed, Pitchfork wakaipa 1 kati ya 10, na kila nikiirudia naona walikuwa sahihi. Reed anasoma maneno kama mtu aliye chumba kingine, bendi inapiga bila kumsubiri. Uthubutu peke yake si muziki. Mtu akipotea njia kwa ujasiri bado kapotea.

Mama_Besi

Chuma_Kizito, hapo tuko pamoja kuliko unavyodhani. Sijasema waliopondwa wana haki. Angalia ulichoandika mwenyewe: Reed yuko chumba kingine, bendi haimsubiri. Umeieleza albamu. Mtu anaweza kusoma mstari huo akasema basi hiyo ndiyo ninayoitafuta. Laurie Anderson, mjane wa Reed, alisimulia mwaka 2015 kwamba mwanamuziki David Bowie alimwambia Lulu ndiyo kazi kubwa kuliko zote za Lou. Mimi sifiki huko, nyimbo zake nyingi zinanishinda. Lakini Bowie na wewe mmesikia kitu kilekile.

Utulivu

Nyuzi_Sita, ongeza na Talk Talk kwenye orodha yako, Spirit of Eden ya 1988. Walikuwa bendi ya nyimbo za kuchezeka redioni, wakajifungia studio, taa zimepunguzwa, wakatoka na muziki wenye ukimya mwingi kuliko milio. EMI, kampuni iliyowarekodi, iliwapeleka mahakamani ikidai albamu haifai kibiashara, na kesi ikatupwa. Kwa hiyo usishangae mhakiki akichanganyikiwa, wakati hata wenye mali walichanganyikiwa. Mimi naipenda, ila sijawahi kufanikiwa kumpendeza nayo mtu mwingine, na nimeshaacha kujaribu.

Nyuzi_Sita

Wakuu asanteni sana, na wewe Mama Besi shikamoo kabisa.

Nimefanya ulivyosema. Nimerudi kwa yule mponda, nikasoma maelezo tu. Kaandika kwamba ngoma za wimbo wa nne zinachelewa kana kwamba mpigaji alisahau. Nikavaa hedifoni nikausikiliza huo peke yake. Kumbe kabla ya ngoma kuna kitu chini ya kinanda, mkwaruzo mwepesi sana unaokuja kila baada ya mizunguko minne. Nadhani ni ukucha kwenye waya mnene wa gitaa. Ngoma zinapoingia, zinaingia pale pale ulipokuwa ukija mkwaruzo, nao hausikiki tena. Kwa hiyo hazichelewi, zinapokezana zamu.

Swali langu la mwisho: je, hilo linaufanya kuwa wimbo mzuri? Kwa sababu nimeuelewa, lakini sijaupenda.

Karata

Si nilikwambia usisome 😀 Ila huo mkwaruzo nami nautaka, nitumie jina la bendi pembeni.

Mama_Besi

Hapana, haulazimiki kuwa mzuri. Kuelewa wimbo ulivyojengwa na kuupenda ni vitu viwili, na usikubali mtu akwambie kwamba ukielewa lazima upende. Nami kwenye Kid A nina wimbo ninaouruka mpaka leo na nautambua kila kipande chake.

Ila jaribu jambo moja kabla hujaamua. Radiohead walitoa rekodi za jukwaani mwishoni mwa 2001, I Might Be Wrong, na The National Anthem imo. Pale mpiga besi ni Colin, na kundi la vyombo vya kupuliza halipo kabisa. Wimbo unasimama vilevile, tena unakimbia zaidi. Tafuta bendi yako wakiupiga huo wa nne mbele ya watu. Sikiliza kama mpiga gitaa bado anakwaruza au ameacha, na mpiga ngoma anamngoja au hamngoji. Ukiupata tuletee hapa, nataka kuusikia.