Mlioko Marekani: bei ya mayai, kura na besiboli. Tupeane uzoefu

Mzee wa Ghala (Columbus, Ohio)

Wakuu, habari za wikiendi.

Niko Ohio, huu mwaka wa saba. Napiga kazi ghalani zamu ya jioni, saa tisa alasiri mpaka saa tano na nusu usiku. Ndugu wakipiga simu kutoka nyumbani wananiuliza Trump kafanya nini leo, utadhani tumepanga nyumba moja. Ukweli ni kwamba siasa ya huku nimeijulia sehemu mbili tu: kwenye rafu ya mayai, na kwenye meza ya kulia chakula kazini.

Meza yetu ina watu sita. Kuna mzee mmoja mzungu wa kusini mwa jimbo, kule kwenye vilima, kofia nyekundu ya Trump haimtoki kichwani. Anatazamana na mama mmoja Mmarekani mweusi, mzaliwa wa hapa hapa mjini, mtu wa Kamala Harris. Septemba 2024, kwenye ule mdahalo na Harris, Trump akadai Wahaiti wa Springfield wanakula mbwa na paka wa watu, mji ukawa gumzo la dunia nzima, na kutoka hapa Springfield ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Tunao Wahaiti kazini. Meza ikapoa wiki nzima, kila mtu anatazama bakuli lake. Mzee kazi yake ni kurudia kwamba kura yake ni mayai na petroli, mengine hayajui. Mama akamjibu siku moja kwamba mayai yamepanda kwa sababu kuku wanakufa na mafua ya ndege, rais hatagi. Nilipaliwa na wali.

Sasa ikaja Oktoba 17. Guardians wa Cleveland, timu ya besiboli ya jimbo letu, wanacheza na Yankees wa New York, wameshafungwa mechi mbili za mwanzo. Mapumziko yetu yakaangukia raundi ya tisa, ya mwisho. Simu ya mzee imeegemezwa kwenye chupa ya maji, wote tumeinama. Guardians wako nyuma 5 kwa 3, wawili wameshatolewa, akitolewa mmoja tu mchezo umekwisha. Akaingizwa Jhonkensy Noel, bonge la kijana, akaupiga ule mpira ukaenda kulala majukwaani. 5 kwa 5. Raundi ya kumi David Fry naye akaupeleka huko huko, 7 kwa 5. Mimi nilikuwa sijui hata kanuni nusu, lakini nilimwona mzee wa kofia nyekundu amemkumbatia yule mama, wanarukaruka kama watoto waliopewa chenji ya dukani. Msimamizi alitupigia kelele mara mbili turudi kazini.

Guardians walikuja kutolewa na Yankees hao hao. Novemba 5 Ohio ikampa Trump kwa mara ya tatu. Na Machi 2025 dazeni ya mayai ikafika wastani wa dola 6.23 nchi nzima, duka langu wakabandika karatasi: mwisho dazeni mbili kwa mteja. Mezani hakuna aliyesema "nilikwambia".

Haya, na nyie mlioko majimbo mengine, siasa ya huku mliionea wapi kwa macho yenu? Na kuna aliyeielewa besiboli? Karibuni.

Kijana wa Kirumba (Mwanza)

Mkuu, samahani, hiyo besiboli si ndiyo rede ya dada zetu? Mmoja katikati, wawili wanarusha?

Mama Sombe (Lewiston, Maine)

Jambo bandugu. Mimi ni wa Uvira, nimefika hapa na batoto wanne, sasa ni watano.

Mimi siasa niliiona kwenye kadi. Serikali yao ilifunga ofisi Oktoba 1, 2025 kwa sababu bajeti haikupita, mimi nikasema hiyo ni mambo ya Washington, sisi tuko Maine kwenye baridi yetu. Novemba ikaingia. Nimeenda dukani, toroli limejaa: mchele, kuku, mafuta, maziwa galoni mbili. Nikapitisha kadi ya chakula, ile serikali inawekaka pesa ya msaada, mashine ikasema hakuna kitu. Nikapitisha tena. Nyuma yangu watu sita. Yule msichana wa kaunta alikuwa na adabu, aliongea pole pole, "leo ni wewe wa tano." Nikaanza kurudisha kimoja kimoja. Kuku nikarudisha wa kwanza, maziwa nikabakisha, nikalipa na pesa za mfukoni.

Kanisani tukafanya chungu kimoja. Mwenye fufu alete fufu, mwenye sombe kwenye friji alete sombe. Kuna bibi mzungu, jirani, alileta viazi gunia zima. Kwenye uwanja wake amesimamisha bango la chama ambacho kwenye televisheni wanasema hawatutaki. Sikumuuliza. Viazi tulikula.

Walifungua serikali Novemba 12. Siku 43. Mimi nilizihesabu zote.

Besiboli sijui, mutoto wangu wa tatu anacheza shuleni. Naendaka kukaa pale na blanketi, nasubiri iishe, haiishi.

Dereva wa Kericho (popote barabara inapofika)

Mama Sombe pole sana. Hiyo ya kurudisha kuku naifahamu.

Wacha mimi niwaambie ya kwangu. Ninaendesha lori la friji, coast to coast kama wanavyosema. Nikienda magharibi nabeba kuku wa kugandishwa, nikirudi nabeba letisi na strobari za California. Kwa hivyo bei ya chakula mimi naiona kabla haijafika dukani. Mafuta yakipanda, mtu wa mwisho kulia ni wewe na toroli lako.

Siasa ilinipata barabarani. Rais alitoa amri Aprili 2025, na kutoka mwezi wa sita ule askari wa barabarani akikusimamisha anakupima Kiingereza. Anakuuliza umetoka wapi, umebeba nini, anakuonyesha alama za barabarani usome. Ukishindwa, lori linasimama hapo hapo, hulisogezi. Nimeona jamaa, mtu mzima mwenye miaka yake barabarani, ameketi kwenye ngazi ya lori lake akingoja kampuni itume dereva mwingine. Mimi nilisimamishwa New Mexico. Askari akaniuliza maswali, nikajibu, kisha akacheka, akaniuliza mbona naongea kama mtangazaji wa redio.

Ni kweli, na hapo ndipo besiboli inaingia. Kiingereza cha shule ya Kenya nilikuwa nacho, lakini sikio la Kimarekani sikuwa nalo. Huku usiku redio ya AM inashika mbali sana, na timu 30, kila moja inacheza mechi 162 kwa msimu, hukosi mchezo. Mtangazaji hana haraka. Anakueleza nyasi, upepo, mrushaji amekuna shavu. Kati ya mrusho na mrusho kuna nafasi ya wewe kurudia maneno peke yako. Siku hizi wameweka saa, mrushaji ana sekunde 15 kama hakuna mkimbiaji kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia, lakini bado ni taratibu kuliko mpira wetu.

Oktoba 27, 2025 nilitoka Oklahoma City mchezo ukianza, fainali ya Dodgers wa Los Angeles na Toronto. Nikapita Amarillo, wako sare. Nikapumzika, nikajaza dizeli, sare. Nikaegesha Tucumcari nilale, bado wako uwanjani! Raundi 18, zaidi ya saa sita na nusu, mpaka Freddie Freeman akaupiga wa mwisho, 6 kwa 5. Nimelala nikiwa nimechoka kama mimi ndiye nilikuwa nakimbia.

Kijana wa Kirumba (Mwanza)

Saa sita na nusu?? Si wangepiga penalti.

Dereva wa Kericho

Hakuna penalti na hakuna sare, ndugu yangu. Mnacheza mpaka mmoja aende nyumbani amenuna.

Binti Moshi (Houston, Texas)

Shikamooni wakubwa. Natunza wazee kwenye nyumba ya kulelea, na wazee wa Texas besiboli wanaitazama kuanzia Machi. Astros, timu ya hapa Houston, wakifungwa, siku hiyo dawa zinagoma kumezwa. Hiyo tu ndiyo besiboli yangu.

Nimekuja kwa mambo mawili. La kwanza ni onyo. Ukienda kutengeneza leseni ya gari wanaweza kukuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Kama wewe una green card tu, yaani kibali cha kuishi bila uraia, sema HAPANA. Usiitikie kwa adabu ya kwetu ya kusema ndiyo kwa kila kitu. Kura ni ya raia, na asiye raia akipiga anaweza kufukuzwa nchini hata kama aliingizwa kwenye daftari kwa kutoelewa swali. Kuna kaka wa hapa tuliyemchangia wakili kwa jambo la namna hii. Alidhani anasaini fomu ya macho.

La pili ni pesa za nyumbani. Kuanzia Januari 1, 2026 ukituma kwa kupeleka noti taslimu pale dirishani, kuna kodi ya asilimia 1. Ukituma kutoka akaunti ya benki au kadi ya benki ya hapa, haikugusi. Mama yangu mdogo alikuwa bado anapanga foleni na bahasha kila mwisho wa mwezi, nikamkalisha Jumapili moja nikamwekea programu kwenye simu. Dola moja kwa kila mia si nyingi, lakini si hela ya sare ya shule ya mtoto hiyo?

Na kahawa! Mimi mtoto wa Kilimanjaro, nimekua naanua kahawa mvua ikinyesha, nimesimama dukani Septemba 2025 naangalia paundi moja kwa dola 9. Kahawa ya Brazili ilikuwa imewekewa ushuru wa asilimia 50. Novemba wakauondoa kwenye kahawa, lakini bei ya rafuni kushuka inatumia ngazi, kupanda inatumia lifti. Nilimpigia baba. Akaniuliza sehemu ya mkulima ni ngapi kwenye hiyo 9. Nikabadilisha mazungumzo.

Mwana wa Lugazi (Kampala)

Nyie mnaizungumza besiboli kana kwamba ni ya Wamarekani tu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, hapa Uganda, walikwenda mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, timu ya kwanza kutoka Afrika. Mwaka mmoja kabla, timu nyingine ya Uganda ilikuwa imeshafuzu, wakakosa viza. Watoto wa miaka 11 na 12, wamefunga mabegi.

Kwa hiyo siasa ya Marekani na besiboli, sisi tuliviona vimekaa kwenye bahasha moja.

Mzee wa Ghala (Columbus, Ohio)

Wakuu, nimesoma zote, nyingine mara mbili. Mama Sombe, hapa Columbus kuna timu ndogo, Clippers, wana usiku wa kuuza soseji kwenye mkate kwa senti 10. Njoo na watoto wote watano, nitatoa dola nzima.

Kirumba, si rede. Kwenye rede unaukwepa mpira. Huku unaungoja.

Kuna mtu kaniuliza inbox kama yule mzee na yule mama bado wanaongea. Wanaongea. Mwanzo wa Julai 2025 Guardians walikuwa wamefungwa mechi kumi mfululizo, kwenye msimamo wako nyuma ya Detroit kwa mechi 15 na nusu, wanavyohesabu huku. Mama akasema tutawapita. Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka. Anafuga kuku nyuma ya nyumba yake, akaweka dau dazeni ya mayai. Wiki ya mwisho ya Septemba Guardians wakawapita kweli, na kwa historia ya ligi yao hakuna aliyewahi kuziba pengo kubwa hivyo.

Jumatatu mzee akaja na boksi la mayai, ya kahawia, moja bado lina unyoya. Mama akalifungua mbele yetu akahesabu. Kumi na moja. Mzee anasema moja lilivunjika njiani. Mama hajakubali, na kila siku akipita kwenye kituo chake anamgongea meza kwa kidole kimoja.