Gemu za hadithi zimekuwa za kutafuniwa: mnatuonaje sisi wachezaji?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki ipoe kwanza. Mods (wasimamizi wa jukwaa), naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa gemu za mpira, haya ni mambo tofauti.

Jana usiku nimecheza gemu mpya ya hadithi, zile ambazo huna bunduki wala adui, kazi yako ni kutembea, kupekua na kuunganisha vipande mpaka ujue nini kilitokea. Jina silitaji, maana nikilitaja mashabiki wake watakuja kunitukana na hoja itaachwa njiani. Unacheza kama dada anayepanda mlima kumtafuta kaka yake, mlinzi wa kituo cha hali ya hewa. Kituo kitupu. Upepo unapiga mabati, mlango uko wazi. Nikasema leo nimepata. Nikazima taa chumbani, nikavaa hedifoni.

Naingia jikoni. Mezani kuna vikombe viwili vya chai. Kimoja kimenywewa chote, ukingoni kina alama ya midomo nyekundu. Cha pili kimejaa pomoni, chai imeshika utando. Kiti kimoja kimelala chini. Jamani, moyo ulinidunda. Nani alikuja huku juu? Mbona mwenyeji hakugusa chai yake? Nikasogea nikizungushe kile kikombe nikione vizuri, na kabla sijabonyeza kitufe chochote, yule dada akafungua mdomo: "Vikombe viwili. Kwa hiyo hakuwa peke yake. Lazima kuna mwanamke alikuja, na inaonekana waligombana."

Nilibaki na kontrola mkononi kama mtu aliyepokonywa tonge mdomoni.

Tena si kwamba alikosea. Alichosema ndicho nilichokuwa nakaribia kukisema mimi! Angeninyamazia sekunde 3 tu, ningekipata mwenyewe na kingekuwa changu. Sasa ni chake, mimi nimekuwa mbeba kamera.

Na ikawa hivyo kwa saa 4 nzima. Unaokota barua, uko mstari wa pili, sauti inaanza kukusomea, ikimaliza inakueleza maana yake. Unaokota ufunguo: "Huu utakuwa wa ghalani." Unasimama dirishani uangalie theluji kidogo, maana kusema kweli picha zao ni nzuri, unasikia: "Sina muda wa kupoteza, niende ghalani." Dada yangu, huna muda wewe. Mimi ninao, nimekesha kwa ajili hiyo!

Gemu za aina hii zina raha moja tu, nayo ni kugundua. Hakuna kupigana, hakuna kupanda levo, hakuna kombe. Ukinyang'anya kugundua, kinachobaki ni filamu inayosimama kila usipoisukuma kwa kidole gumba. Bora basi ningeangalia filamu, angalau ningelala chali.

Kuna mtu hapa atakuja na lile jibu la siku zote, "mkuu, ndivyo gemu hizi zilivyo." Hapana. Tunazo za kulinganisha, na si za juzi.

Gone Home ilitoka 2013. Nyumba moja, usiku wa mvua, mwaka 1995, umerudi safari hukuti mtu. Sauti ya mdogo wako ipo, anasimulia mambo yake mwenyewe. Lakini mambo ya baba, ya mama, na ya yule mjomba aliyeacha nyumba, hakuna anayekusomea. Yako kwenye karatasi zilizotupwa, kwenye maboksi, kwenye chumba cha chini. Kuna siri moja nzito sana ya baba ambayo gemu haiitamki popote. Simwagi mchele hapa, ila wako watu waliomaliza gemu nzima hawakuiona, na gemu haikuwafuata mlangoni kuwaambia "hee, umesahau kitu." Walioiona walikaa kimya mbele ya kioo. Ule ukimya ndio ninaoudai.

Njoo Return of the Obra Dinn, 2018. Meli imerudi bandarini bila mtu, wewe ni mkaguzi wa bima, kuna watu 60 na inabidi useme kila mmoja ni nani na ilikuwaje kwake. Majina unayo kwenye orodha, nyuso unazo kwenye mchoro, kuunganisha ni juu yako. Mimi nilikwama kwa mabaharia kadhaa karibu siku 2, mpaka nikaja kugundua kwamba vile vitanda vya kuning'inia vina namba, na kwamba kuna miguu inachungulia mwishoni mwa vitanda, na kwamba viatu havifanani. Viatu! Nilisimama nikazunguka chumba. Hakuna sauti iliyoniambia "hmm, viatu hivi nimeviona." Na gemu yenyewe ina ujanja wake: haikuthibitishii jibu mpaka upatie watu 3 kwa pamoja, ili usibahatishe bahatishe. Yaani aliyeitengeneza, Lucas Pope, alikaa akafikiria namna ya kukuzuia usipewe jibu bure. Hawa wa sasa wanakaa kufikiria namna ya kukuwahi.

Halafu kuna Outer Wilds ya 2019, ambayo nikianza kuisema sinyamazi. Jua linalipuka kila baada ya dakika 22, unakufa, unaamka pale pale ulipoanzia. Huongezewi silaha wala nguvu, chombo chako cha mwisho ndicho cha mwanzo. Kinachoongezeka ni unachokijua tu, na anayejua yote anaweza kuimaliza ndani ya mzunguko mmoja. Kuna sayari mbili pacha, mchanga unamwagika kutoka moja kwenda nyingine. Mara ya kwanza nilizama kwenye mapango ya ile inayopokea, nikawa nasoma maandishi ukutani, sijali, mchanga unapanda. Ukafika magotini. Nikakimbia, njia niliyoingilia imeshajaa. Nikabanwa kwenye dari nikafa. Nilikasirika, nikaitukana. Nikiwa naosha uso ndipo kikanijia: kama huku kunajaa, basi kule kunapungua. Kule chini ya mchanga kuna nini? Mzunguko uliofuata nikaenda kwenye ile nyingine, nikasubiri, na minara ikaanza kuchomoza yenyewe kutoka mchangani.

Nimesimulia hili kwa watu labda mara 20. Vile vikombe viwili vya jana nimevisimulia mara moja, hapa, kwa hasira.

Na msinielewe vibaya, sauti si adui yangu. Firewatch ya 2016 imejaa maongezi mwanzo mwisho. Uko msituni Wyoming mwaka 1989, kazi yako ni kuangalia moto usizuke, na Delilah, msimamizi wako, yuko kwenye redio anapiga soga. Lakini Delilah hayupo ulipo. Haoni unachokiona. Ukiokota kitu, wewe ndiye unayeamua umwambie au umezee, na ukikaa kimya, ukimya wako nao ni jibu. Maneno mengi kuliko hiyo gemu ya jana, lakini sikuhisi hata mara moja kwamba kuna mtu ananifikiria mimi mjinga.

Tuje kwenye kutembea. Kwa nini natembezwa kama mgonjwa anayejifunza upya? Jana kulikuwa na ngazi za kwenda kwenye mnara wa vipimo, nimezihesabu, 94, na hairuhusiwi kukimbia kwa sababu dada "ana huzuni." Juu kuna kifaa kimoja cha kubonyeza. Kisha unashuka 94. Hii kero ina historia: Everybody's Gone to the Rapture ilipotoka 2015 watu walilalamika kwamba wanatambaa kijiji kizima, ndipo watengenezaji wakaja kueleza kwamba kukimbia kulikuwepo, unashikilia kitufe cha R2 kwa muda na mwendo unaongezeka taratibu, ila kwenye gemu hakuna palipokuambia. Angalau wao walikuwa nacho kitufe!

Na zile nyufa za kujipenyeza kiubavu. Zamani tulielewa, mashine ilikuwa inavuta eneo la mbele kutoka kwenye diski taratibu, ikabidi mchezaji acheleweshwe kwa ujanja. Sawa. PlayStation 5 na Xbox Series X zimetoka 2020 zikiwa na SSD, hifadhi ya kasi isiyohitaji kusubiriwa hivyo. Jana nimepita ufa mara 7. Nilikuwa nachelewa nini?

Nina shaka yangu, na ni shaka tu. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, tangu 2015 inakurudishia pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa 2. Sheria nzuri, imeniokoa mara kadhaa. Lakini gemu fupi ya hadithi inamalizika ndani ya muda huo, na wapo wenzetu wanaomaliza, wanasifia, kisha wanadai pesa. Mwaka 2021 mtengenezaji wa Summer of '58 alitangaza kuachana na kazi hiyo kwa muda usiojulikana kwa sababu hiyo hiyo. Kama na wewe unayesoma hapa ni mmoja wao, ujue ngazi 94 nazipanda kwa sababu yako. Gemu ya saa moja na nusu inavutwa mpaka saa 4 kwa mwendo wa konokono, halafu inaitwa "safari ya hisia."

Utetezi wao mwingine ni kwamba mchezaji mgeni atapotea. Ni kweli, atapotea. Mwingine haoni vizuri, mwingine ana nusu saa tu kabla mtoto hajaamka, mwingine ndiyo kwanza ameshika kontrola. Wasaidiwe, tena sana. Lakini wekeni kwenye mipangilio! Shadow of the Tomb Raider ya 2018 ilikuruhusu uchague ugumu wa mapigano peke yake, mafumbo peke yake, na kutafuta njia peke yake. Mwaka huo huo Assassin's Creed Odyssey ikakupa namna ya kucheza bila alama ya kukuonyesha uendako, unapewa maelezo, unatafuta. Na Horizon Forbidden West ya 2022, watu walipochoka Aloy, mhusika wao mkuu, kuwaambia kila mara kwamba kitu kimepelekwa ghalani, toleo la marekebisho likampunguzia maneno. Kwa hiyo inawezekana, ni kutaka tu. Jana nilipekua mipangilio yote, naweza kubadilisha ukubwa wa maandishi, rangi ya maandishi, mtetemo wa kontrola, hata kuzima mende (wapo mende, sijui theluji na mende vinakutana wapi). Cha kumnyamazisha dada hakipo.

Wale wa "hizi si gemu, ni kutembea tu" najua mnakuja, mmekuwa mkiimba hivyo tangu Dear Esther ianze kuuzwa 2012. Leo sina nguvu ya kubishana nanyi. Chezeni kipande cha kiwanda cha samaki kwenye What Remains of Edith Finch, mkono mmoja unakata vichwa vya samaki, mwingine unatembeza ndoto ya yule kijana, mpaka unajishtukia samaki umewasahau na mkono bado unakata. Kisha rudini.

Ila wanaonikera kuliko hao ni mashabiki wa upande wetu. Ukisema gemu inaongea sana, unaambiwa huna hisia. Ukisema ni ya polepole, unaambiwa umezoea kupiga risasi. Nyie ndio mnaoandika "kazi bora ya sanaa" kwa kila gemu yenye piano na mvua, ndiyo maana wanatuletea piano na mvua. Hata trela ya hii ya jana iliandikwa kwa herufi kubwa "GUNDUA UKWELI MWENYEWE." Mwenyewe nani?

Leo asubuhi nimejaribu kuiokoa. Nimeshusha sauti za wahusika mpaka 0, nimezima maandishi ya chini, nikaanza upya. Jikoni tena. Vikombe viwili, kiti chini, upepo tu. Safari hii niliona kitu ambacho jana sikukiona: alama ya rangi ya midomo iko upande wa mkono wa kushoto, na kwenye picha ya ukutani mke wa kaka ameshika kalamu kwa mkono wa kulia. Nikapata joto. Hii ni yangu!

Nikaenda mlangoni nitoke, nikabonyeza. Haufunguki. Nikabonyeza tena. Nikarudi mezani nikidhani kuna kitu nimeacha, nikafungua droo zote. Hakuna. Nikasimama mbele ya mlango nikiwa sielewi, kisha, kama sekunde 20 hivi, kitasa kikalia chenyewe, klik.

Alikuwa anaongea, wakuu. Nilimzima sauti na bado mlango ulikuwa unamsubiri amalize.

Nimeifuta. Kama kuna anayejua gemu ya hadithi ambayo itaniacha peke yangu chumbani, anitajie jina tu, asinieleze inahusu nini.