UKOO WA BI MKUBWA, MTONI

Mama Nasra: Asalam alaykum ndugu, nakumbusha simu ya bibi, elfu kumi kumi kila mtu, mpaka sasa tumetuma mimi na Baba Tariq tu, wengine mnasoma mnanyamaza, tiki za bluu naziona

Mjomba Tabata: Waalaykum salaam

Mama Nasra: Mjomba salamu imefika, hela je

Dogo Kiwalani: 😂😂

Baba Tariq: Nimetoa ila sielewi, smatifoni ya nini? Yale yale ya 2012 walivyozima analojia hapa Dar tukamnunulia king'amuzi, mpaka leo rimoti imo kwenye nailoni anaogopa kuibonyeza. Kitochi kashakizoea

Mama Nasra: Juzi LUKU imekata magharibi, nikamnunulia hapo hapo, tokeni imeingia kwenye hicho kitochi, namba 20 haoni hata moja, kakaa giza mpaka mtoto wa jirani karudi madrasa ndo akamuingizia. Smatifoni maandishi unayakuza

Da Mwana: Kabla ya simu tuongee laini. Ukimtumia bibi hela jina linalokuja la Dogo

Dogo Kiwalani: Da Mwana jamani!! Ile Januari 2020 mwisho wa kusajili tarehe 20, NIDA bibi hana, vidole mashine haisomi, mlitaka azimiwe laini?

Da Mwana: Sijakataa. Nauliza hela ya Idi tuliyomchangia ilienda wapi

Mjomba Tabata: Ile hela tuma kwenye namba hii 😂😂😂

Mama Nasra: Mjomba hatutanii

Shemeji Kigamboni: Ndo naona sasa hivi nilikuwa kwenye pantoni. Simu ya nani imepotea?

Mama Nasra: Panda juu usome shem

Nasra: Mama niko kwa bibi nimemsomea zote. Kasema niandike kama alivyosema. "Simu kubwa sitaki. Hii niliyonayo nikipigiwa napokea, msiopiga mnajijua. Hela ya Idi Dogo hajaila, aliyekula nimemzaa mwenyewe na nimeshamsamehe. Asiulizwe mtu tena."

Da Mwana: _Ujumbe huu umefutwa_

Mjomba Tabata: Tumesikia mama

Baba Tariq: Kwa hiyo elfu kumi yangu inarudi?

Mama Nasra: Hairudi. NIDA si kashapata, Jumamosi tunampeleka laini iandikwe jina lake. Nani ana gari

Dogo Kiwalani: Na vidole vikigoma tena?

Mama Nasra: Nani ana gari??

Shemeji Kigamboni: Jumamosi ipi