Mama anaitaja Istanbul kila siku, nauli haipo: naombeni mpangilio wa siku moja nyumbani Moshi

Msaragambo
Wakuu, habari za humu. Mama anatimiza miaka 65 mwezi wa kumi na mbili, na safari anayoiota ni Istanbul. Nauli kwa sasa haipo. Nataka tumfanyie siku moja hapahapa nyumbani, asubuhi hadi jioni, ajione yuko kule. Tutakuwa sita. Tuna jiko la gesi la pleti mbili, jiko la mkaa, spika moja ya bluetooth na TV. Maputo na keki sitaki. Nipeni mpangilio, na mnitajie yanayoharibika.

Dele la Shaba
Una bahati moja ambayo wengi hawaijui: saa zetu na za Uturuki ni zilezile. Tangu 2016 wao hawarudishi saa nyuma, mwaka mzima wako sawa na sisi. Kamera za mji zinazorusha moja kwa moja YouTube mtaziona kwa wakati wake, bila hesabu. Ila jua halifuati saa. Desemba kule linazama saa kumi na moja na nusu na dakika chache jioni, wakati Moshi jua bado halijazama. Ukitaka magharibi yao, funga mapazia mapema.

Chagua sehemu tatu, zisizidi. Hagia Sophia (msikiti wa kale wenye kuba kubwa), kivuko, kahawa. Ukizidisha, watu wanakimbizana na ratiba na mama anachoka kabla ya saa saba. Soko Kuu lao lina maduka kama 4,000, hulipati sebuleni. Likitakiwa, mpelekeni soko la Memorial asubuhi mkapatane bei ya zulia. Na TV iwashwe dakika kumi na tano tu kisha izimwe. Ikibaki inawaka, mama anaangalia TV, hayuko Istanbul.

Binti Kaloleni
Mapambo kidogo jamani, hata bendera?

Kuba na Nguzo
Bendera inamwambia kila dakika kwamba hayuko kule. Mkiwa Istanbul mtatundika bendera sebuleni?

Kinachokosekana kwenye picha ni ukubwa, na huo mnaweza kumpa. Kuba la Hagia Sophia lina upana wa mita 31 hivi. Tafuteni kamba ya mita 31, nendeni uwanja wowote wa mpira, muitandaze ndani ya boksi la penati, sambamba na mstari wa goli. Boksi lina upana wa mita 40, kwa hiyo kamba itapungua karibu robo. Mama asimame katikati ya kamba, atazame juu. Kilele cha kuba kiko mita 55 hivi kutoka sakafuni, sawa na ghorofa kumi na nane.

Mkirudi nyumbani, avue viatu asimame kwenye sakafu baridi, afumbe macho. Mtu mmoja asome, sentensi moja kisha kimya cha hesabu ya kumi. Anzeni na nyayo, kisha masikio, macho yaje mwisho. Mfano: "Sakafu ni marumaru." Kimya. "Mtu amekohoa mbali, sauti inachelewa kuisha." Kimya. "Chini ya kuba kuna madirisha 40, mwanga unaingia." Madirisha hayo ndiyo yanayofanya kuba lionekane linaelea. Halafu muulize: mwanga unatokea upande gani? Umesimama karibu na nani? Akijibu mwenyewe, picha inakaa.

Kosa la wasomaji wengi ni maneno mengi. Wakianza kueleza kwamba jengo lilikamilika mwaka 537, likawa msikiti 1453, makumbusho miaka ya 1930, na msikiti tena 2020, tayari ni somo la historia. Hayo muyazungumze kwenye chai.

Pwani Bara
Kivuko nakichukua mimi. Kile cha Eminönü kwenda Kadıköy kinavuka kutoka Ulaya hadi Asia kwa dakika kama ishirini, na ninyi kaeni dakika ishirini hizohizo, barazani, si sebuleni. Pakueni mapema sauti ya injini ya meli na shakwe, maana umeme au bando vikikatika katikati shughuli imekwisha. Spika iwe nyuma ya viti, chini, juu ya ubao: mngurumo unapanda hadi kwenye kiti. Feni ipulize upande mmoja wa uso.

Wengi huweka beseni la maji ya chumvi wakitegemea harufu ya bahari. Maji ya chumvi hayanuki kitu. Harufu ile inatokana na viumbe, hasa mwani. Ukipata mwani mkavu wa Zanzibar, loweka konzi moja kwenye maji ya uvuguvugu, uweke mbele ya feni. Konzi moja tu! Ikizidi ni soko la samaki.

Chakula cha pale ni samaki ndani ya mkate, na samaki mwenyewe ni kibua. Nunua sita wa barafu, wayeyuke taratibu usiku kucha. Pasua, toa mgongo wote na miiba ya mbavu kwa vidole, kausha kwa kitambaa. Wakiwa na maji watang'ang'ania wavu na kukatika. Wavu uwe wa moto na umepakwa mafuta, upande wa ngozi kwanza dakika nne, mwingine mbili. Mkate, vitunguu, saladi, limau.

Msaragambo
Aisee. Na kahawa? Kahawa si ndiyo tunayo wenyewe mlimani?

Dele la Shaba
Ipo, tatizo ni usagaji. Ya dukani ina chenga, na kahawa ya Kituruki inatakiwa laini kama poda. Isagwe mara mbili kisha uichekeche kwa chujio la kitambaa chepesi. Kikombe kimoja: maji baridi mililita 65, kahawa gramu 7, sukari inaingia hapohapo mwanzoni. Koroga kabla ya moto, kisha usiguse tena, maana ukikoroga baadaye unaua povu. Moto mdogo kabisa, kwenye chombo chembamba mdomoni. Povu likipanda, epua kabla halijachemka, gawa povu kwenye vikombe, rudisha motoni kidogo, mimina. Subirini dakika mbili tatu machicha yatulie. Pika vikombe viwili kwa mara moja. Ukipika sita, wa mwisho hapati povu.

Chai yao haina maziwa. Birika dogo lenye majani likae juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Wao huacha robo saa, lakini majani yetu ni ya chembechembe, yanatoa rangi haraka: dakika saba zinatosha. Mimina theluthi moja ya chai nzito kwenye glasi ndogo, zilizobaki maji ya moto.

Binti Kaloleni
Na mama asiingie jikoni hata kuonja chumvi. Akishika mwiko tu, karudi Moshi.

Msaragambo
Nimewaelewa. Kamba ya mita 31 naitafuta kesho. Bado sijajua nani atasoma, maana shangazi akipewa karatasi hanyamazi hesabu ya kumi.

Kuba na Nguzo
Shangazi mpe vibua.