Spika zipi zitabeba besi ya bendi bila kukoroma?

Mpiga gitaa, Mbale: Ndugu zangu, bendi yetu hupiga kwenye harusi, na spika zetu mbili za inchi 12 hukoroma kila gitaa la besi linaposhuka. Tununue zipi?

Fundi mitambo, Jinja: Ndugu, uzi mnene wa besi ya nyuzi nne hutoa takriban Hz 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), ambazo spika hizo haziwezi kuzisukuma kwa nguvu uwanjani; tafuta sabufa (spika za sauti nzito) mbili za inchi 18, uziachie kila kilicho chini ya Hz 100, spika zenu za inchi 12 zibaki na waimbaji.

Mpiga besi, Kampala: Naongeza kwamba sabufa zikae pamoja, chini kabisa, si juu ya meza kama tulivyofanya sisi Entebbe, glasi zikatembea. Jenereta dogo likizidiwa, besi ndiyo hulegea kwanza.