Mnatuletea "rangi za urithi wa Pwani" kwenye chati halafu chati hazisomeki!

Wakuu, salaam. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa nembo, hili ni jambo jingine kabisa.

Kuna taasisi moja (siitaji, wenyewe wanajijua) imetushushia mwongozo wa rangi ambao kila ripoti ya mradi wetu wa afya huku Tanga lazima iufuate. Jalada lina kanga, jahazi na mlango wa nakshi wa Unguja. Ndani kuna rangi tano: nyekundu ya kisutu (aina ya kanga), kijani cha mkarafuu, kahawia ya boriti, njano ya bizari na nyeusi. Siku ya uzinduzi ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nimekaa nakodoa macho tu.

Nina upofu wa rangi. Sioni dunia kijivu kama wengi mnavyodhani. Rangi naziona, ila nyekundu, kijani na kahawia zinaniingiliana. Ni hali ya kurithi, inatokana na kromosomu X, ndiyo maana inatupata zaidi wanaume. Kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini ni takriban mwanaume 1 kati ya 12. Waafrika tuko wachache zaidi ya hapo, lakini tupo, na wengine hata hawajijui kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwapima.

Sasa grafu ya chanjo ina mistari mitatu. Wilaya iliyofikia lengo kijani, iliyokaribia kahawia, iliyofeli nyekundu. Kwangu mimi wilaya zote zimefaulu, au zote zimefeli, chagueni wenyewe! Nikauliza kikaoni upi ni upi. Jibu: "Mkuu, si uangalie ufunguo pale pembeni." Ufunguo wenyewe ni vijisanduku vitatu vya rangi zilezile!

Na msinibebeshe hili kama shida yangu binafsi. Ripoti ikifika kituo cha afya inatolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, na hapo wote mnakuwa kama mimi. Nyekundu kamili ya kompyuta (#FF0000) ikikaa kando ya kijani (#008000), tofauti yao ya mwanga ni kama 1.3 kwa 1. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG 2.1, wa kufanya kurasa za mtandao zisomeke na watu wote, uliotoka 2018, unataka angalau 3 kwa 1 kwa sehemu za mchoro ambazo msomaji lazima azitofautishe. Njano kamili juu ya nyeupe ndiyo balaa, haifiki hata 1.1. Kwenye projekta, madirisha yakiwa wazi, huo mstari huuoni hata kama una macho ya mwewe.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kumsingizia kanga. Mmechukua rangi, ufundi mmeuacha dukani. Kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Wapo wenzangu ambao nyekundu kwao ni giza, karibu sawa na nyeusi, lakini kisutu hakiwapotei, maana nyeupe imeingia kati na nakshi inajieleza yenyewe. Pindo linaonyesha mwisho wa mji (sehemu ya kati ya kanga) ulipo. Na jina, yaani ule msemo, limeandikwa palepale kwenye nguo! Bibi yangu hajawahi kutafuta ufunguo pembeni ili ajue kanga inamsema nani. Basi na nyie andikeni jina la wilaya juu ya mstari wake, mmoja uwe mzima, mwingine wa nukta, mwingine wa vipande. Hata bendera ya Taifa, kijani na buluu havigusani: nyeusi imepita katikati, nayo imepakwa michirizi ya njano kila upande.

Rangi nzuri zipo, hakuna haja ya kugundua upya. Wajapani Masataka Okabe na Kei Ito walishapanga rangi nane, nyeusi ikiwemo, kwa ajili ya watu kama sisi. Siri yao ni ndogo: nyekundu imevutwa kuelekea chungwa, kijani kimevutwa kuelekea buluu, na mwanga wa rangi unatofautiana. Mnataka urithi? Wekeni maji ya Pemba na chungwa la Muheza (najua, la Muheza linaiva likiwa kijani, ila mmenielewa). Mkarafuu nao unaweza kubaki, usogezwe tu kidogo kuelekea bahari.

Nimewaandikia hayo yote. Wakajibu kwamba rangi zimeshapitishwa na mshauri ameshalipwa. Yaani malipo ya mshauri ndiyo yanasoma grafu!

Ripoti ya robo mwaka iko mezani, nimetakiwa niandike maelezo chini ya kila chati. Sitaandika chini ya chati nisiyoiona. Kuna mtu humu amewahi kurudisha mwongozo wa aina hii na ukabadilishwa kweli? Alipitia kwa mfadhili au kwa bosi wake?